Vile utaamsha mashine ya kufua ya zamani kabla uwape watu wa vyuma kuukuu

Kama kwenu kuna mashine ya kufua ya zamani, ile ya mlango wa kioo mbele, imekaa stoo ama kwa balkoni imefunikwa shuka tangu sijui lini, tafadhali usiite wale wa mkokoteni bado. Nipatie wikendi moja tu. Nimeamsha nne mpaka sasa, mbili Buruburu na moja South C hapa Nairobi, na ya mama yangu, na kwa hizo zote hakuna hata moja ilikuwa imekufa kweli, kila moja ilikuwa imekwama na kitu kidogo halafu watu wakachoka nayo.

Ya mama ndio ilinifundisha. Mjomba aliituma na meli kutoka Uingereza 1989, ikawekwa jikoni kando ya sinki, na sisi watoto tulikuwa tunakaa chini kwa sakafu tunaitazama kama televisheni, sweta za shule zinapanda zinaanguka, povu inagonga kioo. Nilikuwa najua imefika wapi nikiwa chumba kingine. Taima, ile swichi ya kuzungusha inayoendesha programu, ikilia tak moja nzito, maji yanaingia, tak mbili za haraka imeanza kusuza, afu ikinyamaza kidogo mama anasema shikeni vikombe, juu sasa inaenda kukamua. Hio sauti ndio nataka ujifunze, kwa sababu mashine za hizo miaka hazina kioo cha kukuandikia kosa ni gani, zinakuambia kwa sikio.

Kwanza kabisa chomoa kwa soketi. Si kuzima swichi ya ukuta, chomoa plagi uiweke mahali unaiona. Na kama mashine iliwahi kukupiga shoti hata kidogo ukigusa bodi na mikono mbichi, hapo usijaribu jaribu, mara nyingi ni koili ya kuchemsha maji imepasuka ama waya wa athi umekatika, tafuta fundi wa stima apime.

Afu nenda kwa chujio, kale kamlango kadogo chini upande wa kulia ama kushoto. Weka beseni na matambara, maana maji yatamwagika, na yatanuka. Ya mama nilipata vifungo viwili, pini ya nywele na shilingi 5 ile ya pembe saba ya wakati wa Moi, imebana kabisa kwa feni ya pampu. Hio ndio ilikuwa shida yote! Mashine ilikuwa inafua vizuri lakini haimwagi maji, na mashine ya aina hii maji yakibaki ndani haitakamua, inangoja. Fundi mmoja alikuwa amesema mota imeungua ibadilishwe, na ikakaa miaka sita bila kazi kwa sababu ya sarafu.

Sasa beringi, zile ringi za gololi zinazobeba dramu, na hapa usiharakishe. Fungua mlango, zungusha dramu na mkono polepole, kichwa chako kikiwa ndani kidogo. Ikizunguka kimya, shukuru. Ukisikia kama mtu anasaga mchanga, beringi zimeisha. Shika mdomo wa dramu kwa juu uinue, ikipanda na kushuka peke yake bila ile tangi ya nje kusonga, pia ni beringi. Halafu toa kifuniko cha nyuma uangalie katikati, nyuma ya puli, lile gurudumu la mkanda: ukiona mstari wa kutu umeshuka kama machozi, jua oil sili, ile ringi ya mpira ya kuzuia maji, ilipitisha maji kitambo na hayo maji ndio yaliua beringi, kwa hivyo usibadilishe beringi uache sili ya zamani, utarudi hapo hapo baada ya miezi.

Mashine nyingi mpya, tangi yake ya plastiki imechomelewa pamoja, beringi ikiisha unanunua tangi nzima na bei yake ni karibu mashine. Za zamani nyingi tangi imeshikwa na bolti ama mkanda wa chuma, unafungua, unatoa dramu, unaona kila kitu. Mimi ndio maana nazipenda, aliyezitengeneza alijua siku moja mtu atazifungua. Piga picha kila hatua na simu, hasa waya za koili na mota, maana kesho hutakumbuka gani ilikuwa wapi.

Beringi ya zamani itoe ukiigonga na kipande cha chuma laini, gonga huku gonga kule, usipige upande mmoja. Ikitoka ipanguse usome namba pembeni. Mara nyingi utapata 6204, 6205 ama 6206, na hizo namba si za mashine za kufua, ni za dunia nzima: 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje na unene 15, iwe imetoka kwa mota ya kinu cha posho ama wapi. Kwa hivyo usihangaike kutafuta spea ya mashine ya 1989, enda Kirinyaga Road na beringi yako kwa mfuko, mpe muuzaji namba. Chukua iliyofunikwa pande zote mbili. Sili nayo pia ina vipimo vimeandikwa, beba ya zamani wakulinganishie. Beringi mpya ilaze friza usiku mmoja, asubuhi mwagia kikombe cha chuma inakokaa maji ya moto, panguza, ingiza haraka, itaingia bila vita. Ukigonga, gonga ringi ya nje peke yake, ukigonga ya ndani umeiua kabla haijafanya kazi.

Mota ikikataa kuzunguka, angalia ni ya aina gani. Zenye kabon brashi, vile vipande vidogo vya kaboni vinavyopeleka stima ndani ya mota, toa brashi zote mbili uone, zikibaki chini ya sentimita moja badilisha. Luthuli Avenue utapata, ama ununue za drili kubwa kidogo uzipige msasa mpaka zitoshe, mimi nimefanya hivyo na bado inafua. Isiyo na brashi ikinguruma tu bila kuzunguka, shuku kapasita, kile kikopo kinachosaidia mota kuanza, na usiiguse na vidole hata kama umechomoa stima, inaweka chaji.

Taima ina sheria moja. Zima kwanza, kisha zungusha mbele tu, njia ya saa. Ukilazimisha irudi nyuma utavunja meno ya ndani na hio spea kweli ni ngumu kupata Nairobi. Kama imekaa miaka, izungushe mzunguko mzima mara kumi hivi bila stima, mguso wa ndani utajisafisha wenyewe.

Maji ndio mahali watu wengi wa hapa wanakwama. Zile zilizotoka Uingereza nyingi zina midomo miwili nyuma, ya moto na ya baridi. Ukiunga ya baridi peke yake kuna programu itafungua ya moto, haipati kitu, na itangoja hapo mpaka kesho, mtu anasema imeharibika. Nunua kiungo cha umbo la Y, maji ya baridi yaingie zote mbili. Ya pili ni presha. Kila mita 10 za kimo ni kama bari 1, na vali nyingi zinataka angalau 0.3, yaani tanki iwe juu ya mashine mita 3 hivi. Kama tanki yenu imekaa kwa stendi fupi, itajaza polepole sana, hio si ugonjwa. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, koili itavaa ganda jeupe. Tia gramu 100 za sitriki asidi kwa dramu tupu, washa digrii 60.

Sabuni ya kufulia na mikono inatoa povu mingi mno, povu inazuia nguo kuanguka na pampu inavuta hewa. Tumia ya otomatiki, ama kama hakuna, vijiko viwili vya mezani basi.

Kuruka ruka nayo si lazima iwe mbovu. Bendix ya Marekani ya 1937, ndio automatiki ya kwanza ya nyumbani ya mlango wa mbele, ilikuwa inafungwa kwa sakafu na bolti kwa sababu haikuwa na springi za kutosha kuituliza. Zetu zina springi, shokabzoba na jiwe la zege, sasa angalia: bolti za jiwe zimekazwa? Miguu yote minne inagusa chini? Tumia pimamaji, na usiweke karatasi iliyokunjwa, zungusha miguu yenyewe kisha kaza nati yake.

Siku ya kujaribu, plagi iwe kwa soketi ya ukuta, si ekstensheni, koili ya wati 2000 inapasha waya mwembamba (nusu saa ya hio koili pia ni yuniti moja ya tokeni, kwa hivyo digrii 40 inatosha nguo nyingi). Iendeshe tupu kwanza. Kaa karibu na tochi, angalia chini kama kunavuja, sikiliza taima. Ikimaliza kukamua mlango utakataa kufunguka, na hapo ndio vishikio vingi vimevunjwa. Usivute. Kuna kitasa cha ndani kinapoa, ngoja dakika moja ama mbili, utasikia tak ndogo.