Vifaa vya Rangi za Maji: Anza na Karatasi

Wengi wanaoanza kuchora kwa rangi za maji hukimbilia kisanduku chenye rangi 48, kisha wakapaka kwenye karatasi ya daftari. Karatasi inajikunja, rangi inakauka kwa madoadoa, na mtu anaamini hana kipaji. Mimi nilianza hivyo hivyo, na ilinichukua muda mrefu kujua kwamba kosa halikuwa la mkono wangu. Ndiyo maana utaratibu wangu wa kununua ni karatasi, kisha brashi, kisha rangi. Fedha zikiwa haba, punguza idadi ya rangi, usiguse karatasi.

Hatua ya 1: Karatasi

Tafuta yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo hufura ikilowa, isipokuwa uibandike kwanza kwenye ubao. Kisha soma imetengenezwa kwa nini. Ya pamba asilimia 100 hukaa na unyevu kwa muda, ukapata nafasi ya kuunganisha rangi mbili zingali mbichi. Ya massa ya miti hukauka upesi, lakini kwa mazoezi inafaa.

Uso wa karatasi uko wa aina tatu: laini, wenye mikwaruzo kiasi, na wenye mikwaruzo mingi. Ukichora kwa kalamu kabla ya kupaka, laini haikwamishi ncha, ila haifichi kosa la maji. Anayeanza namshauri ile ya kati.

Ijaribu kabla ya kununua nyingi. Lowesha kipande, ngoja maji yasitiririke tena lakini uso bado ung'ae, kisha gusa kwa ncha ya brashi yenye bluu. Kwenye karatasi nzuri bluu hutambaa taratibu na ukingo wake hufifia wenyewe. Kwenye mbaya hunyonywa palepale, likabaki doa ambalo halifutiki.

Hatua ya 2: Brashi

Mbili za mviringo zinatosha, namba 4 na namba 8, ingawa namba hutofautiana kidogo kati ya kiwanda na kiwanda. Unachotaka ni tumbo nene la kubeba maji na ncha kali. Chovya brashi majini, ikung'ute mara moja: nywele zikikusanyika kuwa ncha moja, ichukue. Za sintetiki zinafaa kabisa. Usiiache imesimama ndani ya kopo, maana ncha hupinda na mpini hufura.

Hatua ya 3: Rangi

Hapa geuza tyubu usome nyuma. Rangi ya maji kimsingi ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, na unga huo una namba yake ya kimataifa, kama PY154. Jina la mbele ni la kiwanda. Namba ndiyo inayokuambia kilichomo. Chagua tyubu yenye namba moja tu, kwa sababu ukichanganya mbili ambazo kila moja ina namba tatu, utapata tope.

Mimi ningeanza na tano: PY154 (njano), PV19 (waridi), PB29 (bluu ya ultramarini), PB15 (bluu inayoelekea kijani) na PBr7 (kahawia iliyochomwa). Nyeusi usinunue. Changanya PB29 na PBr7, utapata kijivu cha kila namna, hadi giza la usiku.

Epuka PR83, nyekundu nzito ya kuvutia sana. Niliitumia kwenye mchoro wa ua moja nikautundika karibu na dirisha. Petali zilipauka kwa mwanga, majani yakabaki mabichi vilevile. Picha ya kuchapishwa kitabuni haitaathirika, lakini asilia yake je, ukija kuiuza?

Hatua ya 4: Vilivyobaki

Sahani nyeupe ya kauri, makopo mawili ya maji (la kuoshea na la maji safi), kitambaa cha pamba, penseli HB.

Wino wa kalamu ndio unaohitaji uangalifu, maana si kila wino mweusi huvumilia maji. Chora mistari mitano kwenye kipande cha karatasi ile ile utakayotumia, acha ikauke kabisa, kisha pitisha brashi yenye maji juu yake mara mbili. Ukiona hata kijivu hafifu kinavuja, wino huo uweke kwa michoro isiyopakwa rangi.