Skrini ya pili imegoma kwenye OptiPlex 7010? Usikimbilie kununua kadi ya picha

Kompyuta za mezani za Dell OptiPlex 7010, toleo la 2012, bado nazipokea karibu kila wiki. Ni mashine imara, na mtu wa mahesabu akiifungia monita mbili anafanya kazi vizuri kabisa. Shida inayoletwa ni ileile: monita ya pili haiwaki, au inawaka ikiwa na maandishi makubwa yaliyofifia. Wengi huja wameshaambiwa kadi imekufa. Kabla hujatoa hela, pita hatua hizi kwa mpangilio, na kila mara badilisha kitu kimoja tu, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

1. Geuza mashine, tazama nyuma. 7010 isiyoongezewa kadi ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. Ukikuta matundu mengine ya picha kwenye kibati cha pembeni, yaliyotengana na hayo, ujue kuna kadi. Basi chomeka monita zote mbili kwenye kadi. Mashine nyingi za umri huu zikiona kadi huzima zenyewe grafiki za mazabodi (sehemu ya picha iliyojengwa ndani ya mashine), kwa hiyo monita iliyobaki kwenye VGA ya zamani itakaa gizani hata kama kila kitu ni kizima.

2. Badilishana waya. Zima mashine. Chukua waya wa monita inayowaka, ufunge kwenye ile iliyogoma, upande wa kompyuta ubaki tundu lilelile. Ikiwaka, monita haina kosa. Rudi kwenye waya au tundu.

Hapa usiwe na haraka. Kuna dada mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi aliniletea mashine na monita juu ya bodaboda. "Fundi, nimeambiwa kadi, nifungie mpya." Niligeuza kichwa cha waya wake wa VGA kwenye mwanga wa dirisha. Pini ya 12 ilikuwa imelala ubavuni, imegusa ukuta wa bati. Pini hiyo na ya 15 ndizo zinazoipelekea kompyuta taarifa za monita: ni ya aina gani, inakubali ukubwa gani wa picha. Zikikatika, kompyuta inabahatisha, ndipo unapopata picha kubwa yenye ukungu. Niliinyanyua taratibu kwa bisibisi ya saa, nikafunga, picha ikatulia. Hakununua chochote. Ukikagua wako, nafasi ya 9 ikiwa tupu usishtuke. Waya nyingi hutoka kiwandani hivyo.

3. Kagua adapta, kile kiunganishi cha kubadilisha aina ya tundu. Kutoka DisplayPort kwenda VGA lazima adapta iwe na chipu ndani, kwa sababu mawimbi ni ya aina mbili tofauti. Na waya wenye DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili kwa kawaida ni wa njia moja: DisplayPort inakaa kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita. Ukiugeuza hautoi picha, na wauzaji wengi hawasemi.

4. Bonyeza Windows na P, chagua Extend, yaani picha itandazwe kwenye monita zote mbili. Kama skrini imeganda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya picha, yaani programu inayoendesha grafiki, itajiwasha upya.

5. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta ndani ya Windows), sehemu ya Display adapters. Ukisoma Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haipo. Ipakue kwenye tovuti ya Dell kwa namba ya Service Tag iliyobandikwa kwenye kasha. Programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mkupuo, achana nazo; nimesafisha mashine nyingi mno zilizoharibiwa nazo.

Kama mashine yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha pili, mfano OptiPlex 790, grafiki zake za ndani zinaishia monita mbili. Kizazi cha tatu, kama i5-3470, kinafika tatu.

6. Sasa ndiyo kadi. Chagua isiyohitaji waya wa ziada wa umeme; GT 1030 inakula wati 30 hivi, na tundu la kadi linatoa hadi 75. Kasha likiwa lile jembamba, hakikisha kwenye boksi kuna kibati kifupi. Chenye urefu wa kawaida hakiingii, na mfuniko hautafunga.