Jinsi ya Kutengeneza Kabati la Ziwa kwa Vitu Vilivyookotwa Ufuoni

Mtu anayetembea na gunia katika ufuo wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, hudhaniwa kuwa anaokota plastiki za kuuza kwa kilo. Ndivyo nilivyodhaniwa mimi, wala sikukanusha, kwa kuwa kazi hizi mbili hufanana mpaka gunia linapomwagwa mezani. Kabati la ziwa ni kazi ya sanaa inayopanga vitu vilivyookotwa ufuoni pamoja na vyumba vitupu vya samaki ambao mvuvi wa leo hawaoni tena wavuni mwake.

Matajiri wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17 walikuwa na makabati ya maajabu, wakiyajaza makombe, mifupa na ndege waliokaushwa kutoka nchi za mbali ili mgeni astaajabie ukwasi wa mwenye nyumba. Wasanii wa siku hizi wamelichukua kabati hilohilo na kulitwika maswali. Mwaka 1999 msanii wa Marekani Mark Dion aliwaongoza watu wa kujitolea kuokota vitu kwenye kingo za mto Thames, London, wakati wa maji kupwa, wakavisafisha na kuvipanga katika kabati kubwa la mbao, mfupa na kipande cha plastiki vikipewa heshima ileile. Heshima hiyo ndiyo niliyoiazima.

Anza kwa kuomba ruhusa kwa kamati inayosimamia ufuo, kisha pima kipande kifupi, tuseme hatua hamsini, ukirudie kipindi cha mvua na cha kiangazi bila kukipanua. Vaa glovu na buti za mpira, wala usiingie majini miguu mitupu, kwa maana kichocho kipo ziwani. Okota vipande vya nyavu za nailoni, maboya, vizibo, ndala na mabua ya gugumaji. Usiguse yai, unyoya, gamba la kobe wala kiungo chochote cha mnyamapori, hata ukikikuta kimelala mchangani: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki vitu hivyo bila kibali, na mwenzako wa Nakuru anayetamani unyoya wa heroe, yaani flamingo, ajue kwamba sheria ni hiyohiyo. Kwa maoni yangu, katazo hili huisaidia kazi, kwa sababu humlazimisha msanii kueleza kupotea kwa kiumbe bila kuchangia upotevu huo.

Plastiki zisuguliwe kwa maji na sabuni. Mabua ya gugumaji yakaushwe hadi yasiwe na unyevu hata kidogo ndani, la sivyo yataota ukungu kabatini na kuharibu kila kilicho jirani. Kabati lenyewe halihitaji gharama kubwa: makasha ya mbao ya nyanya kutoka soko la Kibuye, yakipigwa msumari pamoja na kusimamishwa wima, yanatosha.

Vibandiko ndivyo vinavyotaka subira. Kila kitu kipewe jina la Kiswahili na la Kijaluo, mahali kilipookotwa na tarehe. Kisha keti na wavuvi wazee, uwaombe wakutajie samaki waliowavua ujanani, uandike majina kama wanavyoyatamka. Utasikia ngege, ningu na fulu. Kila jina lipewe chumba chake, kiwe kitupu, na kibandiko kiandikwe kwa uangalifu uleule. Hapa usikimbilie neno "ametoweka". Ngege amekaribia kwisha katika ziwa kuu, lakini angali hai katika Ziwa Kanyaboli huko Siaya. Kibandiko chake kiseme hivyo. Fulu si samaki mmoja, ni jamii yenye mamia ya spishi, na nyingi zilipungua au zikapotea baada ya mbuta, yaani sangara, kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka ghafla miaka ya 1980. Baadhi ya fulu waliokusanywa upande wa Mwanza tangu miaka ya 1970 wamo chupani katika makumbusho ya Leiden, Uholanzi, jambo ambalo nalo lafaa kuandikwa, kwa kuwa mkusanyaji si mwizi tu wala mwokozi tu.

Mbuta hakuwapunguza fulu peke yake. Fulu jike humtambua dume wa spishi yake kwa rangi, na maji yanapochafuka kwa udongo, mbolea na majitaka, rangi hazionekani vizuri, spishi zikachanganyika. Jambo hili linaweza kuonyeshwa bila maneno. Chora madume wawili, mmoja wa buluu na mwingine mwekundu, uwaweke nyuma ya tangi la kioo lililojazwa maji ya ziwa, na picha nyingine mbili kama hizo nyuma ya tangi la maji safi. Tangi liwe pana, kwani kadiri maji yanavyokuwa mengi kati ya jicho na picha, ndivyo rangi zinavyofifia. Katika kabati langu watoto hupita vizibo vyote na kusimama hapa.

Maonyesho yafanyike ufuoni, katika banda ambamo watu huja kula samaki, kabla ya kupelekwa ukumbi wowote wa mjini. Weka daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi kando ya vyumba vitupu, ili anayejua jina ambalo halimo aliandike, nawe upigilie kasha jingine.