Bastola ya mashindano inapokwama: lisome ganda kabla ya kulitoa

Mwaka juzi pale Kirigiti, Kiambu, bastola yangu ilikwama mara tatu katika steji moja, yaani mzunguko mmoja wa shabaha. Mara zote tatu mkono ulifanya ulichozoea: gonga kitako cha magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi (chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), endelea kupiga. Nilimaliza steji. Lakini msimamizi aliponiuliza imekwama vipi, sikuwa na jibu. Ganda lilisimama mlangoni, pale maganda yanaporukia nje? Risasi iligota chini ya mtutu? Ushahidi wote nilikuwa nimeutupa kwenye vumbi jekundu.

Ni CZ 75 ya milimita 9. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na daftari langu linaonyesha imepiga risasi 18,400 tangu iwe yangu. Naipenda kwa uzito wake na jinsi inavyotulia mkononi, na ndiyo maana naandika haya: nimeona watu wakiuza bastola nzuri kwa hasira, kumbe ilitaka springi moja tu.

Marehemu baba alikuwa fundi wa cherehani Nakuru. Mashine ikiruka mishono, alibadilisha sindano kwanza, akashona kitambaa kidogo, akatazama. Kisha uzi. Akifika kwenye vyuma vya ndani ujue vya nje vyote ameshavipima. Ukikaza skrubu mbili kwa mpigo mmoja, alikuwa akituambia, hutajua ni ipi iliyoponya. Mimi baada ya Kirigiti nilikaza tatu. Usiku uleule niliisugua bastola yote, nikaweka springi mpya ya slaidi, nikabadilisha na aina ya risasi. Ilipiga risasi 200 bila shida, kisha ikaanza tena, safari hii ikikwama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hapo ndipo nikaanza upya, kwa daftari.

Kabla ya lolote: mdomo wa bastola uelekee kwenye tuta la kuzuia risasi, kidole nje ya kifyatulio. Kisha jiulize umesikia nini. Kama mlio ulikuwa mdogo, kama "pufu", na slaidi haikusogea sawasawa, simama papo hapo. Usigonge, usivute, usipige nyingine. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili inaweza kuupasua. Toa magazini, hakikisha chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, ifungue bastola na utazame ndani ya mtutu kwa tochi. Kama umevuta kifyatulio na hakuna mlio kabisa, ishikilie ikiwa imeelekea kwenye tuta kwa sekunde 30 kabla ya kufungua, maana baruti inaweza kuchelewa.

Kama mlio ulikuwa wa kawaida ndipo bastola ikakwama, siku ya mazoezi usiitoe haraka. Inamisha kichwa, tazama. Juzi kijana mmoja alikwama pembeni yangu akaniambia, "Mzee, hizi risasi ni mbovu." Nikamwambia, "Ngoja mwanangu, usivute. Tuitazame kwanza." Ganda lilikuwa bado ndani ya chemba, na risasi mpya imelibana kwa nyuma. Risasi zake hazikuwa na kosa lolote.

Ili ujue unatazama nini, fuata safari ya slaidi. Risasi ikilipuka, slaidi na mtutu hurudi nyuma pamoja milimita chache vikiwa vimeshikana, kisha mtutu unashuka na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Kulabu iliyo kwenye slaidi inalivuta ganda kutoka chemba, ganda linagonga kigongeo na kuruka nje. Springi inairudisha slaidi mbele, inachota risasi ya juu kwenye magazini, inaipandisha mteremko mfupi ulio chini ya mtutu na kuifungia chembani. Kila mahali safari hiyo inapokatika huacha picha yake. Ganda lililosimama wima mlangoni kama bomba la jikoni lina maana slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha, au kulabu haikulishika vizuri. Ganda likibaki chembani, kosa ni la kulabu au uchafu wa chemba. Risasi iliyogota pua kwenye mteremko inakupeleka kwenye magazini. Na slaidi ikisimama milimita mbili tatu kabla ya kufunga, shuku springi iliyochoka, mafuta yaliyokauka, au risasi isiyoingia chemba vizuri.

Daftari langu sasa lina mistari minne kwa kila tukio: namba ya magazini, ilikuwa risasi ya ngapi, picha niliyoiona, na maganda yalikuwa yakiangukia wapi. Katika risasi 600 nilikwama mara 14, bila kuhesabu lile tatizo jipya nitakalolieleza mbele. Nilipozipanga, nilipigwa na butwaa. Mara 9 zilikuwa pua imegota, na zote zilitoka magazini namba 3, karibu zote kwenye risasi tatu za mwisho. Mara 5 zilikuwa ganda limebaki chembani, magazini yoyote ile. Yalikuwa magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nayatibu kama moja. Bastola iliyotumika sana iko hivyo: vipande vyake vimezeeka pamoja, na dalili huchanganyikana. Ukitibu mmoja, bastola inaendelea kukwama, nawe unadhani tiba haikufaa, unairudisha springi nzuri kwenye boksi.

Anza na magazini kwa sababu ndiyo inayoteseka zaidi. Inaangushwa kwenye kokoto, inakanyagwa, inajaa udongo. Andika namba kwenye kila moja kwa rangi. Ifungue, toa springi na kisukumio, pangusa ndani kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta humo. Mafuta na vumbi la Kiambu hufanya tope. Simamisha springi yake kando ya mpya. Ya namba 3 ilikuwa fupi kwa upana wa vidole vitatu. Springi ikichoka hivyo, risasi za mwanzo bado hupanda, kwa sababu imebanwa. Za mwisho ndizo hukosa msukumo, slaidi inazikuta zimeinamisha pua. Tazama pia midomo ya juu ya magazini: pima upana wake kwa kalipa na uulinganishe na wa magazini unayoiamini, utafute nyufa kwenye pembe. Mdomo uliopasuka hauna tiba. Ile magazini iondoe kwenye mkoba wa mashindano siku hiyohiyo. Nilipoweka springi mpya namba 3, nilipiga risasi 100 kwa magazini hiyo peke yake kabla ya kugusa kitu kingine, na haikugota hata mara moja.

Kisha kulabu. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka, na kwenye CZ 75 ni rahisi kuikagua kwa kuwa iko ubavuni mwa slaidi, na springi yake ndogo chini yake. Fanyia nyumbani, kwa risasi bandia, bila risasi halisi chumbani. Usilifanye kwenye eneo la usalama la mashindano, maana kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya, haziruhusu hata risasi bandia hapo. Toa slaidi, toa mtutu, telezesha ukingo wa risasi bandia chini ya kulabu mpaka ikae mahali pake, kisha itikise slaidi taratibu. Inapaswa kushikwa. Yangu ilidondoka mezani. Tazama kwa kioo cha kukuzia kama ncha imemeguka, na uchokonoe chini yake kwa kijiti cha meno. Kwangu ulitoka uchafu mgumu mweusi kama makoko ya sufuria. Baada ya kusafisha ikashika, lakini kwa shingo upande, kwa hiyo springi ile nayo ikabadilishwa. Chemba nayo isugue kwa brashi yake, ambayo ni nene kuliko ile ya mtutu. Na okota maganda yako. Ganda lenye ukingo uliotafunwa linakuambia kulabu ililivuta kwa nguvu na kuteleza.

Lile tatizo jipya, ganda kusimama mlangoni, nililileta mwenyewe. Niliponunua springi ya slaidi nilichukua ya ratili 18 nikiamini ngumu ndiyo bora. Si kweli. Springi, nguvu ya risasi na mkono wa mpigaji lazima vikubaliane. Kiwango cha chini cha nguvu cha IPSC kwa risasi za daraja dogo ni 125: uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) mara mwendo kwa futi kila sekunde, ugawe kwa 1,000. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,010, unapata 125 na chembe. Risasi laini ya namna hiyo haina nguvu ya kuisukuma springi ngumu mpaka mwisho. Nilirudi kwenye ratili 14, na mabomba ya jikoni yakaisha.

Maganda hukuambia hili kabla bastola haijakwama. Yangu ikiwa na afya huyatupa kulia, nyuma kidogo, hatua mbili. Yakianza kudondoka karibu na kiatu, slaidi inarudi kivivu. Yakiruka mpaka kwa jirani, springi imelegea na slaidi inagonga fremu (mwili wa chini wa bastola) bila breki, na hapo unaumiza chuma. Jaribio ninalolitegemea: risasi moja tu ndani ya magazini, piga, tazama kama slaidi inabaki wazi, kama inavyopaswa risasi zikiisha. Rudia mara tano kwa kila magazini. Ikifunga, hakikisha kwanza kidole gumba hakiikandamizi komeo ya slaidi, kile chuma cha ubavuni kinachoishikilia ikiwa wazi. Kisha mpe mwenzako mwenye mkono imara apige. Kwake ikienda vizuri, rekebisha mshiko, maana mkono mlegevu huiibia slaidi safari yake.

Mafuta: matone machache kwenye reli, na nje ya mtutu pale unaposuguana na slaidi. Slaidi ya CZ 75 hutembea ndani ya fremu, kwa hiyo reli zake huzioni, na ni rahisi kusahau kwamba zimekauka.

Kitu cha mwisho ninachokagua kila ninapoifungua ni ile komeo ya slaidi, kwa sababu shina lake ndilo linalobeba mtutu unaposhuka, na kwa bastola za familia hii zilizopiga sana huwa linavunjika. Lipanguse, lipitishe kwenye mwanga, lipitishe ukucha. Ukihisi ufa, usiipige tena mpaka uweke jipya. Mimi huwa na la akiba kwenye mkoba, pamoja na springi ya kulabu na ya slaidi. Lakini kuchonga mteremko, kugusa chemba, au kupinda kulabu, hizo ni kazi za fundi mwenye leseni. Mpelekee na daftari. Wangu alisoma kurasa mbili akaenda moja kwa moja kwenye ile springi ndogo ya kulabu, na saa moja baadaye nilikuwa njiani kurudi nyumbani.