Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kufunga Sensa ya Hewa kwenye Injini ya Gari

Sensa ya hewa hukaa kati ya filta ya hewa na throto (mlango unaofunguka unapokanyaga mafuta ili hewa iingie kwenye injini), na kazi ya sensa ni kupima uzito wa hewa inayoingia ili kompyuta ya injini ijue inyunyize petroli kiasi gani. Gari lenye paipu zake za kiwandani halina haja ya kuhamishiwa sensa. Suala hili huwahusu waliobadilisha boksi la filta, waliofunga filta ya koni, au waliopandikiza injini kwenye gari jingine.

Sensa nyingi zina uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaosomwa kama kipimo. Uzi huo hugusa sehemu ndogo tu ya hewa iliyomo kwenye paipu, na nyingine yote hukadiriwa. Ndiyo maana hewa iliyotoka tu kwenye kona kali, ikiwa bado inazungukazunguka, huipa kompyuta namba za uongo ingawa sensa yenyewe ni nzima.

Tafuta kwanza kipande cha paipu kilichonyooka, na ukiweka sensa humo uache urefu zaidi upande wa filta kuliko upande wa throto. Usiibane kwenye mdomo wa throto, kwa sababu mapigo ya hewa inayorudi nyuma yanaweza kuhesabiwa mara mbili. Wavu ulio mbele ya sensa, ikiwa upo, usiung'oe: wapo wanaouondoa wakidhani unazuia hewa, kumbe ndio unaoinyoosha.

Kipenyo cha ndani cha paipu mahali sensa inapokaa kilingane na cha asili. Ukitoka milimita 70 kwenda 77, eneo la paipu huongezeka kwa asilimia 21, na kompyuta isiyojua mabadiliko hayo itaendelea kuhesabu hewa pungufu.

Mshale uliochongwa kwenye sensa uelekee injini. Uzi usikae chini kabisa ya paipu, mahali ambapo maji na mafuta hutuama, na waya upite mbali na koili na bomba la moshi. Mpira unaoleta mvuke wa oili kutoka kwenye injini uunganishwe baada ya sensa, usije ukauchafua uzi. Kwenye injini ya tabo (feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), sensa ikiwa kabla ya tabo, hewa inayoachiwa na valvu ya kupunguza shinikizo irudishwe ndani ya paipu baada ya sensa, kwani imekwisha kuhesabiwa.

Baada ya hapo kaza klipu zote na ukague mpira wa hewa kwa kuukunja kwa mkono, maana nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Washa injini hadi ipate moto, kisha soma marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa mashine ya uchunguzi. Yakipanda kupita asilimia 10 kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) na kushuka unapokanyaga mafuta, tafuta hewa inayovuja kuingilia baada ya throto. Yakizidi kupanda kadiri injini inavyobeba mzigo, na shinikizo la petroli liko sawa, rudi kwenye kona na kipenyo.