Kusaka kasoro na kuongeza kasi katika draiva huria za michoro

Kazi kubwa ya kurekebisha draiva ya michoro (programu inayoiendesha kadi ya michoro) ni kulipunguza tatizo: kutoka mchezo mzima hadi fremu moja, kutoka fremu hadi mwito mmoja wa kuchora, na kutoka maelfu ya komiti (mabadiliko ya msimbo yaliyohifadhiwa kwenye git) hadi moja. Ukishafika hapo, kiraka chenyewe (badiliko la kurekebisha) mara nyingi ni mistari michache tu. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ndani ya Mesa, nyumba ya draiva huria nyingi za OpenGL na Vulkan (njia mbili ambazo programu huiagiza GPU, chipu ya michoro) kwenye Linux: radeonsi na RADV za AMD, iris na ANV za Intel, NVK ya kadi za NVIDIA, Turnip ya Adreno (GPU za Qualcomm), na Panfrost ya Mali (GPU za Arm). Mifano mingi hapa ni ya AMD, ila mwendo ni uleule kwingine.

Jenga nakala yako kando

Usisakinishe Mesa ya majaribio ndani ya `/usr`. Ikiharibika, huenda eneokazi lote lisifunguke ukabaki na terminali tupu. Iweke kwenye folda yako mwenyewe:

```
git clone https://gitlab.freedesktop.org/mesa/mesa.git
cd mesa
meson setup build --prefix=$HOME/mesa-jaribio --libdir=lib \
  -Dbuildtype=debugoptimized \
  -Dgallium-drivers=radeonsi -Dvulkan-drivers=amd
ninja -C build install
```

Taja draiva unazozihitaji tu. Muda wa kujenga unapungua sana, na utaihitaji kila dakika utakapoanza kusaka komiti mbovu. Aina ya `debugoptimized` huacha ukaguzi wa `assert` (masharti yanayoisimamisha programu yakivunjika) ukiwa hai. Ukaguzi huo hukamata kosa mapema, kabla halijageuka picha iliyochafuka ambayo haielezi chochote. Kisha elekeza programu kwenye nakala hiyo:

```
export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/mesa-jaribio/lib
export LIBGL_DRIVERS_PATH=$HOME/mesa-jaribio/lib/dri
export VK_DRIVER_FILES=$HOME/mesa-jaribio/share/vulkan/icd.d/radeon_icd.x86_64.json
glxinfo -B
vulkaninfo --summary
```

Tafuta namba ya toleo yenye neno `devel` na alama ya git ya komiti uliyojenga. Usipoiona, programu bado inatumia draiva ya mfumo, na kila utakachopima kitakuwa uongo. Sababu za kawaida ni mbili. Mchezo wa biti 32 hauwezi kupakia maktaba ya biti 64, kwa hiyo unahitaji kujenga mara ya pili kwa biti 32. Na programu za Flatpak huja na Mesa yao wenyewe, kwa hiyo vigezo vya mazingira ulivyoweka nje havizigusi.

Kosa ni la nani?

Kabla ya kuilaumu draiva, endesha programu ileile kwa mchoraji wa CPU: `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1` kwa OpenGL, au lavapipe kwa Vulkan. Kosa likibaki vilevile, shaka inahamia kwenye programu yenyewe, au kwenye sehemu za Mesa ambazo draiva zote huchangia, kama NIR, lugha ya kati ambayo sheda zote hupitia. (Sheda ni programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya GPU.) Kosa likitoweka, bado hujathibitisha kwamba draiva ndiyo mkosaji, maana programu nyingi hufanya makosa ambayo kadi moja huyavumilia na nyingine haiyavumilii.

Kwa Vulkan, washa tabaka la ukaguzi kwa `VK_INSTANCE_LAYERS=VK_LAYER_KHRONOS_validation` na usome kila onyo. Halafu jaribu `RADV_DEBUG=zerovram`, inayojaza sifuri kwenye kumbukumbu mpya ya kadi. Takataka kwenye skrini zikiondoka, kuna anayesoma kumbukumbu kabla ya kuiandika, na mara nyingi ni programu. Kasoro za aina hiyo Mesa huzitibu kwa faili za drirc: unaweka jina la programu na chaguo kama lile la kujaza sifuri, bila kuzipunguzia kasi programu nyingine.

Rekodi, kisha kata

Kwa OpenGL tumia apitrace. `apitrace trace ./programu` huandika kila mwito kwenye faili, na `apitrace replay` huirudia bila programu yenyewe. Fungua rekodi kwa `qapitrace`, tafuta fremu yenye kosa, kisha shuka mwito kwa mwito ukitazama picha ilivyo baada ya kila uchoraji. Mwito wa kwanza unaoharibu picha ndio unaoutaka. Rekodi ikiwa kubwa, `apitrace gltrim` huikata na kubakiza hali inayohitajika na fremu ulizochagua.

Kwa Vulkan kuna RenderDoc na GFXReconstruct. Tahadhari moja: rekodi ya Vulkan imebeba aina za kumbukumbu za kadi iliyorekodiwa, kwa hiyo huenda isiendeshwe kwenye kadi ya aina nyingine.

Rekodi isipoonyesha kosa unapoirudia, usiitupe. Hiyo ni dalili kwamba kosa linategemea wakati: GPU na CPU zinagusa bafa ileile (eneo moja la kumbukumbu) bila kusubiriana, nao mrudio unakwenda kwa mwendo tofauti na programu.

Nusu kwa nusu

Kama toleo la zamani lilikuwa zima, `git bisect`, inayoigawa historia nusu kwa nusu hadi komiti mbovu ionekane, ni njia ya haraka kuliko kusoma msimbo. Komiti 4000 zinakwisha kwa hatua 12 hivi. Anza kwenye alama za matawi, mfano `24.2-branchpoint`, badala ya `mesa-24.2.0`, maana matoleo hukaa kwenye matawi yao ya pembeni yenye viraka vilivyonakiliwa, nayo git itakulazimisha kwanza kurudi mpaka mahali matawi yalipoachana.

```
#!/bin/sh
rm -f /tmp/picha*.png
ninja -C build install || exit 125
export MESA_SHADER_CACHE_DISABLE=true
apitrace dump-images --calls=48213 -o /tmp/picha kosa.trace || exit 125
compare -metric AE -fuzz 2% sahihi.png /tmp/picha*.png null: || exit 1
```

Hapo 48213 ni namba ya mwito unaoharibu picha, na `sahihi.png` ni picha yake ilivyotakiwa kuwa. Hifadhi hati hiyo kama `jaribu.sh`, kisha iendeshe kwa `git bisect run ./jaribu.sh`. Msimbo wa kutoka 125 humwambia git airuke komiti isiyojengeka. Mstari wa `rm` si mapambo: bila huo, picha ya hatua iliyopita inaweza kusomwa kana kwamba ni mpya. Kache ya sheda nayo izimwe, usije ukapima sheda iliyotafsiriwa na komiti nyingine. Kama kosa lenyewe ni programu kuanguka, badilisha 125 ya mstari wa apitrace iwe 1.

Kujua komiti si kujua sababu. Wakati mwingine komiti iliyokamatwa ni sahihi kabisa, imefichua tu kosa la miaka mingi lililokuwa limelala chini yake. Isome ukiwa na swali hilo akilini kabla ya kuomba iondolewe.

Zima kipengele kimoja kimoja

Pasipo toleo zima la kurudia, zima vipengele vya draiva moja baada ya nyingine. RADV ina `RADV_DEBUG=nodcc` inayozima ubanaji wa rangi, `nohiz` ya kina, `nofastclears`, na `syncshaders` inayolazimisha kusubiri baada ya kila uchoraji. Turnip ina `TU_DEBUG=noubwc`, `sysmem` na `flushall`; Intel ina `INTEL_DEBUG=noccs` na `nohiz`. Kosa likiondoka kwa `syncshaders` au `flushall`, tafuta kizuizi kilichosahaulika kati ya kuandika na kusoma: kache moja ya GPU haijamwagwa kabla kitengo kingine hakijasoma. Likiondoka kwa `nodcc`, tazama mahali picha inapobadilisha matumizi bila kufumuliwa kwanza (kuondolewa ubanaji).

Usichukulie bendera (swichi kama hizo) kuwa jibu, kwani `nodcc` hubadilisha pia mwendo wa kumbukumbu na muda, na inaweza kulificha kosa ambalo halihusiani na ubanaji hata kidogo. Thibitisha kwa kubadilisha mahali pamoja tu ndani ya msimbo.

Ukishuku kompaila ya sheda, `NIR_DEBUG=print` huchapisha sheda baada ya kila hatua ya uboreshaji. Zima hatua moja moja kwenye msimbo hadi picha ikae sawa, kisha linganisha sheda kabla na baada ya hatua hiyo.

GPU ikiganda, ingia kwa SSH kutoka mashine nyingine, maana skrini yako haitajibu. Soma `dmesg` (ujumbe wa kiini cha Linux): amdgpu, draiva ya AMD ndani ya kiini, huandika neno `timeout` pamoja na jina la foleni iliyokwama. `RADV_DEBUG=hang` huacha folda yenye jina linaloanza na `radv_dumps` kwenye nyumba yako, ikiwa na sheda na amri za mwisho. Bendera hiyo hupunguza kasi sana, kwa hiyo kosa la wakati linaweza kukukimbia.

Kasi: pima kabla hujaamini

Hapa ndipo watu hujidanganya zaidi. Jenga upya kwa `-Dbuildtype=release -Db_ndebug=true`, maana `assert` hula muda wa CPU. Funga mwendo wa saa ya kadi, la sivyo joto litakubadilishia matokeo katikati ya kipimo:

```
echo profile_peak | sudo tee /sys/class/drm/card0/device/power_dpm_force_performance_level
```

Ukimaliza rudisha `auto`. Zima kusubiri skrini kwa `vblank_mode=0` katika OpenGL, au `MESA_VK_WSI_PRESENT_MODE=immediate` katika Vulkan. Safari hii kache ya sheda iache ikifanya kazi, na mzunguko wa kwanza uutupe, kwa sababu huo unapima utafsiri wa sheda. Pima walau mara tano kila upande, kwa kupokezana: ya zamani, mpya, ya zamani, mpya.

Andika milisekunde kwa fremu. Kutoka fremu 60 hadi 66 kwa sekunde umeokoa milisekunde 1.52, kutoka 200 hadi 220 umeokoa 0.45 tu, ingawa zote ni asilimia 10.

Sasa shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 960×540, yaani robo ya pikseli. Kasi isipobadilika, kinachochelewesha hakiko kwenye pikseli, na mara nyingi ni CPU. Tumia `perf record -g` na utazame ni kazi gani ya draiva inayokula muda. Kosa la kawaida ni kutuma upya hali ambayo haijabadilika kwa kila mwito wa kuchora. Tiba ni alama ya mabadiliko kwa kila kundi la hali, lakini kila alama uliyosahau kuiwasha itazaa kasoro ya picha, na hiyo ni ngumu kuisaka kuliko mwendo wa polepole uliokuwa ukiutibu.

Kasi ikipanda sana, kinachochelewesha ni GPU, na hapo tazama sheda. Kwenye AMD za GCN (familia ya zamani ya kadi zake) kila kitengo cha SIMD kina rejesta 256 za vekta (nafasi ndogo za kuhifadhia namba) kwa kila njia. Sheda yenye rejesta 64 huruhusu mawimbi manne (makundi ya kazi za sheda zinazokwenda sambamba) kwa pamoja. Ongeza moja tu: 65 hupandishwa hadi 68, na mawimbi yanashuka kuwa matatu. Ndiyo maana badiliko linalopunguza maagizo linaweza kuipunguza kasi. Kumwagika kwa rejesta kwenda kwenye kumbukumbu ni kubaya zaidi. Tumia shader-db kwa OpenGL na Fossilize kwa Vulkan kulinganisha maelfu ya sheda kabla na baada, ukitazama idadi ya rejesta, maagizo na zilizomwagika. Kisha rudi kwenye mchezo halisi upime, maana takwimu za sheda ni makadirio.

Kutuma kiraka

Kabla ya kutuma, endesha piglit (mkusanyiko wa vipimo vya draiva) na vipimo vya Khronos, shirika la viwango vya OpenGL na Vulkan, kwa `deqp-runner`. Linganisha na orodha za `-fails.txt` na `-flakes.txt` zilizo kwenye folda za `ci`, usije ukahangaikia kipimo kilichokuwa kikifeli tangu zamani. Gawanya kazi kwenye komiti ndogo, kila moja ijengeke peke yake, na kichwa chake kianze na jina la draiva, kama `radv:`. Komiti ya kurekebisha iwe na mstari wa `Fixes:` wenye alama ya komiti iliyoleta kosa. Kwa mstari huo wasimamizi wa matoleo huona kiraka kirudishwe kwenye tawi gani. Fungua ombi la kuunganisha kwenye GitLab ya freedesktop.org, uweke amri ya kulileta kosa na, kwa kiraka cha kasi, kadi uliyotumia pamoja na vipimo vya pande zote mbili. Likishakubaliwa, roboti Marge huliendesha kwenye majaribio na kuliunganisha.