Usiugeuze Mshahara wa Uingereza kwa Shilingi: Kwa Muuguzi Anayejiandaa Kuondoka

Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa wauguzi wa nyumbani, wengi wa Mombasa na Nairobi, wachache wa Dar es Salaam, na karibu wote wanaanza na swali lilelile: "Dada, huko mnalipwa ngapi?" Nikishawajibu, najua kinachofuata. Wanafungua kikokotoo cha simu, wanazidisha kwa bei ya pauni ya siku hiyo, na mioyo yao inakuwa imeshapanda ndege. Nami nilizidisha hivyohivyo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi baada ya zamu ya usiku. Hesabu ile ndiyo iliyonifanya nimalize miezi sita ya kwanza hapa nikiwa nadaiwa. Ndiyo maana nataka tuanze na hesabu, kisha ndipo tuje kwenye mitihani na viza.

Muuguzi aliyesajiliwa anaingia NHS ya England, yaani huduma ya afya ya umma, katika daraja la 5. Kwa mwaka 2025/26 daraja hilo lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka na liliishia 37,796. Chukua mshahara huo wa kuanzia: ni kama pauni 2,587 kwa mwezi kabla ya makato. Hapo inatoka kodi ya mapato, inatoka bima ya taifa, unatoka mchango wa pensheni, na mkononi unabaki na kama pauni 2,000. Bado hujalala popote. Chumba katika nyumba ya kushirikiana nje ya London kinaweza kumeza 500 au 600. Ukitaka pako peke yako, andaa 800 na kuendelea, na London ni habari nyingine kabisa. Kuna kodi ya halmashauri (ukiishi peke yako unapunguziwa robo, lakini lazima uombe mwenyewe), umeme na gesi, nauli, simu, chakula. Kuna koti la baridi na viatu ambavyo hukuwahi kuvihitaji.

Pauni inayopatikana Uingereza inaliwa Uingereza. Kwa hiyo fanya bajeti yako yote kwa pauni, mstari kwa mstari, na usiiguse shilingi mpaka ufike kwenye kile kinachobaki. Hicho kinachobaki ndicho mshahara wako wa kweli ukilinganisha na wa nyumbani. Kwa wengi wetu bado ni kizuri na bado safari inalipa. Ila si ile namba iliyokutokea kwenye kikokotoo.

Kikao kabla ya safari

Kosa langu kubwa halikuwa la benki. Nilipoondoka nilimwambia mama, "Nitakuwa natuma kila mwezi," basi. Sikutaja kiasi. Mwezi wa pili ikaja karo ya mdogo wangu, wa tatu mabati, wa nne mchango wa harusi ya binamu ambaye hata sura yake nilikuwa nimeisahau. Hakuna aliyekuwa na tamaa. Walikuwa wanaona mtoto wao yuko Uingereza, na mimi sikuwapa namba ya kushika.

Kaa na wazazi, kaa na mwenzi wako, kabla ya kukata tiketi. Waonyeshe bajeti yenyewe kwa karatasi, ile ya pauni. Taja kiasi kimoja na tarehe moja. Waambie miezi mitatu ya kwanza hutatuma kitu, kwa sababu mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa na mwenye nyumba atataka amana inayoweza kufikia kodi ya wiki tano. Sasa natuma tarehe 28, inaingia M-Pesa ya mama, na nina akaunti nyingine ndogo ya dharura ya nyumbani. Ikiisha, imeisha mpaka mwezi ujao. Mara ya kwanza kulisema hilo kwenye simu sauti ilinitetemeka. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Ungetuambia mapema, mwanangu." Wenye mkopo wa HELB, ule wa elimu ya juu Kenya, nao wauingize kwenye hesabu, maana deni halikatwi na bahari.

Hapohapo kwenye makato utaona wenzako wakijitoa kwenye pensheni ya NHS ili mkononi pabaki pakubwa zaidi. Nakusihi usikimbilie. Mwajiri anachangia asilimia 23.7 ya mshahara wako juu ya ule mchango wako, na ukijitoa fedha hiyo huipati kwa njia nyingine yoyote. Ukiacha kazi kabla ya miaka miwili unaweza kuomba urudishiwe michango yako, ikiwa imekatwa kodi. Baada ya hapo hairudishwi, lakini inakungoja, na uzeeni unaweza kulipwa hata ukiwa umerudi kuishi Kilifi. Ukifariki ukiwa kazini, familia inapata mkupuo wa mara mbili ya mshahara wako wa mwaka. Sisi tunaobeba nyumba nzima mgongoni, hilo si jambo dogo.

Nani ana haki ya kukutafutia kazi

Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Kwa kanuni za Uingereza, kuajiri kutoka Kenya kunapitia utaratibu wa makubaliano hayo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha nyekundu, yaani nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na hakuna mwajiri wala wakala anayeruhusiwa kwenda huko kusaka watu. Muuguzi mwenyewe, kwa hiari yake, anaweza kuomba kazi moja kwa moja kwa hospitali iliyotangaza nafasi. Elewa maana yake: mtu anayekaa ofisini Kariakoo na kukuambia "nitakutafutia kazi Uingereza" ameshavunja kanuni kabla hajakutajia bei. Na bei yenyewe haifai kuwepo, kwa sababu kanuni hizohizo zinakataza kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi.

Kuna dada ninayemfahamu, muuguzi mwenye cheti chake halali, aliyelipa wakala akapewa nafasi ya kulea wazee "kwa muda, halafu utahamia hospitali." Alifika, saa za kazi alizoahidiwa hazikuwepo, na kodi ya nyumba inamsubiri. Njia ile ya kuajiri walezi kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayekuuzia leo anakuuzia hewa.

NMC na mitihani yake

Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka mtihani wa Kiingereza kwanza: IELTS ya kitaaluma, alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Au OET, ambayo wengi tunaiona nyepesi kidogo kwa sababu inazungumzia mambo ya hospitali. Kisha CBT, mtihani wa kompyuta wa pauni 83 unaoweza kuufanyia Nairobi. Kuna ada ya kukaguliwa maombi, 140, na baraza la nyumbani (NCK kwa Kenya, TNMC kwa Tanzania) linatakiwa kuthibitisha usajili wako. Anza na hilo la uthibitisho mapema, ufuatilie kwa simu na kwa miguu.

OSCE, mtihani wa vitendo, unafanyika Uingereza kwenyewe na ada yake ni pauni 794. Hospitali nyingi hulipa. Uliza kwenye usaili, upate jibu kwa maandishi. Mtihani huo una vituo 10: vinne vinamfuata mgonjwa mmoja tangu kumpima hali mpaka kumkabidhi, vinne ni stadi za mikono, viwili ni vya kuandika kimyakimya. Sheria ya viza inataka uufanye ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi, na uwe umefaulu ndani ya miezi minane. Mpaka hapo mshahara huwa wa daraja la chini, na hilo nalo liingie kwenye bajeti.

Mimi nilianguka kituo cha dawa. Nilisoma chati, nikaona sehemu ya mzio, nikaona mgonjwa hana, nikatoa dawa. Nilifanya kwa macho, kama nilivyofanya nyumbani kwa miaka saba kwenye wodi ya wagonjwa 40, ambako hakuna anayekungoja useme. Mtahini hawezi kuona ulichowaza. Anataka akusikie ukimuuliza mgonjwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na kitambulisho cha mkononi, umuulize mzio kwa sauti. Kurudia kile kituo kimoja kulikuwa pauni 397. Kwa wiki tatu niliufanyia mazoezi mto wa kitandani, nimeufunga kikaratasi chenye jina, nalisema kila tendo kwa sauti mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilifaulu. Anza kusema kwa sauti ukiwa bado nyumbani.

Soma mkataba kipengele cha kurudisha gharama. Hospitali inaweza kudai ilichokutumia ukiondoka mapema, na hilo ni halali, lakini kiasi kiwe kimeandikwa wazi na kipungue kadiri miezi inavyokwenda. Mkataba unaosema utalipa kitita kilekile mwezi wa kwanza na mwezi wa thelathini, usitie saini mpaka wakueleze.

Ujuzi wako

Hili linaumiza, na sikuambiwa. Wenye diploma ya KRCHN, ile ya muuguzi wa afya ya jamii wa Kenya, tumesomea uuguzi na ukunga pamoja. Hapa ni usajili wa aina mbili, na ukisajiliwa kama muuguzi wa watu wazima huruhusiwi kuzalisha, hata kama umezalisha mamia. Kuweka kanula ulikofanya gizani kwa mwanga wa simu, utasubiri ufundishwe na utiwe saini kwamba umemudu ndipo uguse mshipa. Usilipokee kama dharau kwako. Beba barua za uzoefu zenye tarehe, vyeti vya kozi za ICU, theatre au figo, na kabla ya kusaini mkataba uliza kama uzoefu wako utahesabiwa kwenye ngazi za daraja la 5. Wengine walipandishwa kwa sababu tu waliuliza. Mimi nilinyamaza, na nilianzia chini kabisa na miaka saba mkononi.

Wiki ya kwanza omba hospitali barua ya kufungulia akaunti ya benki yenye anwani yako, jisajili kwa daktari wa mtaa, na ujiunge na chama cha wafanyakazi, RCN au UNISON, kabla hujapata tatizo. Kisha jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura. Ndiyo, unaruhusiwa: Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola, na jina likiwa kwenye daftari linakusaidia kujenga historia ya mikopo, ambayo hapa inaanzia sifuri hata kama nyumbani ulikuwa na SACCO na gari. Leseni ya nyumbani utaiendeshea miezi 12, halafu utafanya mtihani upya.

Kuhusu watoto: muuguzi bado anaweza kuja na mwenzi na watoto wake. Hapo kikokotoo kitoke tena. Viza yako haikupi haki ya misaada ya serikali, kwa hiyo zile saa 30 za malezi ya bure wanazopata wazazi wanaofanya kazi huenda zisikuhusu. Mtoto wa miaka mitatu au minne anapata zile saa 15 za wote. Chini ya hapo wengi wetu tunalipa wenyewe, na chekechea ya kutwa inaweza kula nusu ya mshahara. Familia nyingi ninazozifahamu zinapishana zamu: mama anaingia usiku, baba mchana, wanakabidhiana mtoto mlangoni saa mbili asubuhi. Wengine wamekuja peke yao mwaka mmoja, wakamaliza OSCE, wakapata nyumba, ndipo wakawaita wengine. Mimi nilifanya hivyo. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu nilipoondoka na minne na nusu alipofika, na kwenye uwanja wa ndege alijificha kwanza nyuma ya baba yake. Kama nawe utakwenda hivyo, mueleze mtoto mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, na umpigie saa ileile kila siku. Na cheti chake cha kuzaliwa kiwe tayari kabla hujaondoka.